Wakuu, nataka kompyuta ya gemu itakayodumu miaka minane hapa Dodoma: nichague vifaa gani?

Mwana Ilazo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa dhati kabla sijatoa hela.

Naishi Ilazo, kazi nafanyia Mtumba. Gemu ndiyo starehe yangu kubwa tangu nikiwa mdogo, hasa za kurusha ndege na za mbio za magari. Nimejibana miaka miwili hadi nikafikisha milioni saba. Nataka mashine moja kali nitakayokaa nayo miaka minane. Kubadilisha kifaa kimoja katikati ya safari sina shida, ila kununua kompyuta nzima upya sitaki tena.

Niliyokuwa nayo ilikufa mwezi wa tisa mwaka jana, ikiwa na miaka mitatu tu. Umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi mara ya pili nikasikia mlio kama wa njiti ya kiberiti inawashwa, kisha harufu ikatapakaa chumba kizima. Pawa saplai ilikufa pamoja na mazabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote). Fundi alipofungua kasha akanionyesha kipozeo cha prosesa: nafasi zote kati ya mabati yake zilikuwa zimejaa vumbi jekundu lililoshikamana kama udongo wa kufinyangia. Alilichokoa kwa mswaki likawa linadondoka vipande vipande.

Duka moja la Dar limenipangia hivi: prosesa Core i9-14900K, RAM (memori ya kufanyia kazi) GB 64 kwa vijiti vinne vya GB 16, kadi ya picha RTX 5080, SSD (hifadhi ya mafaili) ya TB 1, pawa saplai ya wati 750 ambayo jina lake silijui, kipozeo cha maji chenye feni tatu, na kasha la vioo mbele na ubavuni. Skrini ninayo, inchi 27 ya 1440p. Mnaionaje?

Fundi Majengo

Mkuu, pole sana kwa mashine. Orodha hiyo ina kasi, lakini wewe umeomba umri.

Nianze na prosesa. Soketi ya hiyo 14900K, yaani pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi, imefika mwisho. Intel walishahamia soketi nyingine tangu Oktoba 2024, kwa hiyo miaka minne ijayo ukitaka prosesa mpya utanunua na mazabodi. Halafu kizazi cha 13 na cha 14 kilipata tatizo la volteji kupanda kupita kiasi hadi prosesa zinachakaa. Intel wenyewe walilikiri mwaka 2024, wakatoa marekebisho ya BIOS (programu inayoamsha mashine) na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho yapo, ila kwa mtu anayepanga miaka minane mimi nisingeanzia hapo. Na ikizidiwa kazi inakula hadi wati 253. Joto hilo lote linabaki chumbani kwako, na Oktoba ya Dodoma unaijua. Na hicho kipozeo cha maji kiache, chukua cha hewa.

Chukua prosesa ya kampuni ya AMD, ya soketi AM5. Imeanza 2022 na AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. Soketi yao ya kabla yake, AM4, ndiyo inayonipa imani: kuna wateja wangu walionunua mazabodi 2017, wakaja kufunga Ryzen 7 5800X3D iliyotoka 2022 kwenye mazabodi hiyohiyo, wakasasisha BIOS tu. Wewe chukua Ryzen 7 9800X3D, au 7800X3D ukibana matumizi. Zote zina koa nane (viini vya kufanya kazi) na ule mrundikano mkubwa wa kashe, memori ya haraka ndani ya prosesa, MB 96. Gemu za ndege zinaupenda mno.

RAM usifunge vijiti vinne. Kwenye AM5 ukijaza nafasi zote nne kasi inashuka vibaya. Chukua vijiti viwili vya GB 16, DDR5 ya 6000. Bei ya RAM ilipanda sana kuanzia mwishoni mwa 2025, kwa hiyo GB 32 zinakutosha leo.

Kuhusu pawa saplai, mkuu, nakuomba usiniangushe. Kama jina lake hulijui, usiiguse. Mezani kwangu mashine nyingi zinazoletwa zimekufa, ukifuatilia unakuta ugonjwa ulianzia hapo. Tafuta ya wati 850 yenye nembo ya Gold (haipotezi umeme mwingi), ya kiwango cha ATX 3.1, ya kampuni inayotoa waranti ya miaka kumi. Corsair RM850x na Seasonic Focus GX zipo kwenye kundi hilo. Pawa saplai ya namna hiyo utahama nayo hata kwenye mashine itakayofuata.

Kijana UDOM

Naongezea kwenye GPU, yaani kadi ya picha, kaka. RTX 5080 na RTX 5070 Ti zote zina GB 16 za memori. 5080 ina kasi zaidi kidogo, ila bei yake imepanda kuliko kasi yenyewe. Kinachozeesha kadi mapema mara nyingi ni memori kujaa. RTX 3070 ya 2020 bado ina nguvu ya kuchora, lakini GB 8 zake zinabanwa kwenye gemu mpya. Chukua 5070 Ti, au RX 9070 XT nayo ina GB 16, tofauti iweke benki. Mwaka wa nne au wa tano unauza kadi hiyo, unaongeza ile akiba, unafunga mpya kwenye mashine ileile. Hapo miaka minane inafika.

Mtoto wa Makole

Mimi natofautiana na hapo kwenye kupoza. Kipozeo cha maji ninacho mwaka wa tatu, hakijasumbua hata siku moja na mashine ipo kimya. Mwache jamaa achukue anachokipenda.

Fundi Majengo

@Mtoto wa Makole, sikatai ndugu yangu, kwa miaka mitatu kiko sawa. Yeye anataka minane. Kipozeo cha maji kina pampu inayozunguka muda wote, na maji yanapungua taratibu kupitia kwenye mipira hata kama hakuna panapovuja. Pampu ikifa, hakuna unachoweza kutengeneza, unanunua kizima. Kipozeo cha hewa ni mabati, mirija ya shaba na feni. Feni ikichoka unabadilisha feni tu, mabati yanabaki. 9800X3D haihitaji zaidi ya hapo. Thermalright Peerless Assassin haina gharama kubwa na inaimudu vizuri kabisa.

Jambo moja la hapa kwetu: Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 10, kwa hiyo feni ileile inabeba joto pungufu kidogo. Ndiyo maana lile kasha la kioo mbele silitaki kabisa. Mbele pawe na wavu.

Mama Wawili

Mwana Ilazo, mdogo wangu, mimi nipo Nkuhungu na najenga hizi mashine kwa ajili ya uhariri wa video. Hilo vumbi lako jekundu nalijua, kuanzia Juni hadi mvua za Desemba halina adabu.

Dawa yake ni mpangilio wa feni. Weka tatu mbele ziingize hewa, moja nyuma itoe. Hewa inayoingia ikiwa nyingi kuliko inayotolewa na feni, ndani panakuwa na msukumo, na hewa inatokea kwenye vitundu na nyufa badala ya kuingilia huko. Hapo vumbi linalazimika kupita mbele penye chujio. Chujio liwe la kuchomoka bila bisibisi. Mimi changu nalichomoa kila Jumamosi kipindi cha upepo, nakiosha kwa maji, nakikausha kivulini, nakirudisha. Kila baada ya miezi mitatu nafungua ubavu na kupuliza kwa blowa, ila nashika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, maana feni ikipulizwa ikazunguka kwa kasi inaumia. Na usiiweke mashine sakafuni, hata kimeza cha sentimita 40 kinasaidia sana.

UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, ni lazima. Usinunue ile ndogo ya VA 650 (VA ni kipimo cha uwezo wake), GPU ikivuta moto inazima. Tafuta ya VA 1500 ya line-interactive, ile yenye AVR ndani, inarekebisha umeme ukishuka au kupanda bila kugusa betri. Ukiweza pata yenye wimbi safi la sine, kama la umeme wa ukutani, kwa sababu baadhi ya pawa saplai nzuri hazielewani na UPS za wimbi la kukatakata. Betri yake ya risasi itachoka ndani ya miaka mitatu hadi mitano, joto linaiua mapema, kwa hiyo usiibananishe nyuma ya kabati. Utaibadilisha walau mara moja kabla ya miaka yako minane, weka kwenye hesabu.

Halafu, vifaa usitume kwa basi. Mimi niliwahi kutumiwa kasha kwenye buti, likafika kioo kimekuwa unga. Siku hizi napanda SGR asubuhi, nafika Kariakoo, nakagua kila boksi mwenyewe, jioni nimerudi na kadi ya picha nimeipakata. Kadi nzito isisafiri ikiwa imefungwa kwenye mazabodi.

Mwana Ilazo

Dada Mama Wawili, Mungu akubariki. UPS sikuwa nimeiwekea hata shilingi.

Umeme wa LUKU je? Nitaumia?

Kijana UDOM

Piga hesabu ya wati 500 ukiwa unacheza, UPS na skrini humo humo. Saa nne ni yuniti mbili. Ukicheza kila siku ni yuniti 60 kwa mwezi. Kama nyumba yako ipo kwenye kundi la wateja wadogo wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, hizo 60 ukizijumlisha na matumizi mengine ya nyumba zinaweza kukutoa humo na kila yuniti itapanda bei. Ukiweka kikomo cha fremu 100 kwa sekunde kwenye mipangilio, GPU inapumzika na unaokoa kiasi cha maana. Na SSD chukua TB 2. Samsung 990 Pro ya ukubwa huo imepewa waranti ya kuandikwa TB 1,200, ukiandika GB 50 kila siku ni zaidi ya miaka 60. Hiyo haitakuwa ya kwanza kufa.

Mzee wa Kisasa

Vijana, mmeshauri vizuri. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, kompyuta sizijui kwa undani, lakini nimesoma jinsi ile ya kwanza ilivyoungua na ninataka kumuuliza mwanangu swali moja. Ethi ya nyumba yako umeipima?

Mwana Ilazo

Shikamoo mzee. Hapana, sijawahi. Ila nikigusa kasha la ile ya zamani miguu peku nilikuwa nasikia kama sisimizi wanatembea kwenye vidole.

Mzee wa Kisasa

Marahaba. Hao sisimizi ni umeme uliokosa njia ya kwenda ardhini. Aidha waya wa ethi haujaungwa kwenye soketi, au fimbo imekita kwenye udongo mkavu. Udongo wetu ukikauka unapitisha umeme kwa shida mno, nyumba inaweza kuwa na ethi nzuri Februari na ikawa kama haina Septemba. UPS na pawa saplai ya bei mbaya vinategemea ethi hiyo kumwaga umeme wa ziada. Ita fundi mwenye kipimo. Fimbo izame hadi kwenye unyevu, azungushie mkaa na chumvi, na wakati wa kiangazi mwagia maji pale mara kwa mara. Maji ya kufulia yanatosha.

Mwana Ilazo

Wakuu, nimebadilisha orodha yote. Ryzen 7 9800X3D, mazabodi ya B850 yenye soketi AM5, RAM GB 32 vijiti viwili, RTX 5070 Ti, SSD TB 2, pawa saplai ya wati 850 yenye waranti ya miaka kumi, kipozeo cha hewa, kasha la wavu, UPS ya VA 1500. Nikijumlisha inabaki hela kidogo, naipeleka kwenye ethi.

Leo nimefungua soketi ya chumbani na bisibisi ya tesa, meini nimezima. Waya wa kijani na njano upo ukutani, umekunjwa nyuma na kufungwa gundi ya karatasi. Haukuwahi kuungwa tangu nyumba ijengwe. Fundi anakuja Jumamosi na kipimo, na safari ya Kariakoo nimeisogeza hadi wiki inayofuata.

Mzee wa Kisasa

Afungue soketi zote, si hiyo moja tu. Na jikoni aanze kwanza, kuna watoto.