KIA, Kisongo au basi? Mama anakwenda Bukoba na anaogopa ndege, nisaidieni kulinganisha

Mtoto wa Kibosho (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa barazani hapa Moshi, mama yupo jikoni na sitaki asikie ninachouliza. Mdogo wangu wa kike ameolewa Bukoba, anatarajia kujifungua mwishoni mwa mwezi ujao, na mama ameshasema mjukuu hatazaliwa bila yeye kuwepo. Ana miaka 68, hajawahi kupanda ndege. Nauli ipo. Kinachotusumbua ni hofu, yake na yangu.

Njia ninazoziona ni hizi. Ndege kutoka KIA (Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro), aunganishe mpaka Bukoba. Au ndege ndogo kutoka Kisongo (uwanja mdogo wa Arusha) kupitia Serengeti hadi Mwanza, halafu apande meli. Au basi mwanzo mpaka mwisho.

Siku mbili hizi nimefungua daftari nikaandika ajali za ndege zilizoua watu, kila njia na safu yake. Safu ya KIA nimeandika Mlima Meru, Septemba 1999, watu 12, kwa sababu ndege ilikuwa inatoka Serengeti kuja KIA. Safu ya Kisongo nimeandika Empakaai, Novemba 2017, watu 11, kwa kuwa ilikuwa ndege ndogo inakwenda Serengeti. Bukoba, Novemba 2022, watu 19. Nikijumlisha naona KIA na Kisongo zimekaribiana, na Bukoba ndiyo inatisha kuliko zote. Na ndiko anakokwenda.

Mama aliiona ile ya Bukoba kwenye taarifa ya habari. Mkia wa ndege umetokeza juu ya maji, watu wamejipanga ufukweni wanavuta kamba. Mpaka leo akisikia neno ndege anaitaja ile kamba. Je, hesabu yangu ipo sawa? Naomba wenye uzoefu.

Dada wa Usa River

Pole kaka, na hongera ya mjukuu anayekuja. Mimi ningempeleka KIA bila kufikiri mara mbili. Ndege kubwa, ranwei ndefu.

Kijana wa Sakina

Naunga mkono KIA. Na umkatie ya asubuhi, mawingu hayajapanda. Ukifanya hivyo umemaliza hofu yote.

Mzee Tengeru

Mleta mada, nimefanya kazi za uwanjani miaka mingi, kupanga mizigo na kuelekeza ndege ardhini, kabla sijastaafu. Daftari lako limeniumiza kidogo kwa sababu ndivyo watu wengi wanavyohesabu. Umechukua vifo vilivyotokea milimani ukavibandika kwenye viwanja.

Angalia ya Meru. Umeiweka safu ya KIA, ndege kubwa. Lakini ile ilikuwa Cessna, ndege ndogo ya watalii, nayo haikuanguka uwanjani, iligonga mlima. Empakaai nako ni ukingo wa kreta, nyanda za juu za Ngorongoro, mbali na Kisongo. Rudi nyuma zaidi: Mei 1955 ndege aina ya DC-3 ya East African Airways, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Kilimanjaro na watu wote 20 wakafa. KIA ilifunguliwa mwaka 1971. Sasa hao 20 utawaweka safu ya uwanja gani?

Mimi ningechora daftari lako upya. Badala ya jina la uwanja, andika kilichokuwa mbele ya pua ya ndege. Utaona neno linalojirudia ni mlima, na Bukoba utaandika maji. Huku kwetu kuna Kilimanjaro mita 5,895 na Meru unaokaribia 4,600, na viwanja vyote viwili vipo miguuni pa milima hiyo. Ndege inaweza kuwa nzima, injini zinanguruma vizuri, rubani ana saa nyingi hewani, na bado ikaingia kwenye jiwe kwa sababu jiwe limevaa wingu.

Hata hivyo viwanja vyenyewe vina tofauti, sitaki kukudanganya. KIA ipo mita 894 kutoka usawa wa bahari na ranwei yake ina mita 3,600. Kisongo ipo mita 1,387, na mwaka 2013 ranwei ilikuwa mita 1,620. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, na jua la saa saba likiwaka inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo bawa linashika kidogo na ndege inataka lami ndefu zaidi ili inyanyuke. Ndiyo maana pale Kisongo kwenye ndege ndogo utaambiwa begi lako lisizidi kilo 15, liwe laini, na wakati mwingine wewe mwenyewe utaombwa upande kwenye mizani. Nimeona abiria wananuna. Yule kijana wa mizani anapiga hesabu ya kukunyanyua salama.

Mwaka huohuo wa 2013, Desemba 18, Boeing 767 ya Ethiopian iliyokuwa iende KIA ilitua Kisongo. Ndege ya abiria zaidi ya 200 kwenye lami ya ndege ndogo! Ilisimama, ikaishia kunasa kwenye majani, hakuna aliyekufa. Hata ngazi ya kufikia mlango mrefu namna ile haikuwepo. Tukio hilo halimo kwenye daftari lako kwa kuwa halikuua, lakini linafundisha kuliko baadhi ya yaliyoua. Viwanja vyetu viwili ranwei zake zimelazwa upande mmoja, mashariki na magharibi, vipo karibu, na rubani aliyechoka anaweza kuona alichotarajia kuona.

Mtoto wa Kibosho

Shikamoo mzee. Nimefuta safu. Kweli sikuwa nimefikiria kwamba ya Meru ilikuwa ndege ndogo.

Mbeba Mizigo Marangu

Mzee Tengeru kasema kweli kuhusu wingu. Mimi nipo mlimani mwaka wa kumi na tatu huu. Ukikaa kambi ya Horombo asubuhi unaiona Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, na meno yake yote, unaweza kuhesabu nyufa. Unashusha mzigo, unamimina chai, unainua kichwa, hakuna mlima. Kimepita kikombe kimoja. Hakuna upepo uliosikia wala ngurumo, ni weupe mtupu. Nimewahi kumwonyesha mgeni mahali kilele kilipo akadhani namdanganya.

Novemba 2008 ndege ndogo iligonga Mawenzi. Watalii wanne wa Italia walifariki, rubani akanusurika. Tangu hapo nikisikia mlio wa injini ndani ya wingu nanyamaza mpaka upite.

Dada wa Usa River

Na msisahau Michael Grzimek, yule mtafiti Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama Serengeti na baba yake kwa ndege iliyopakwa mistari ya pundamilia. Januari 1959 aligongana na tai hewani, ndege ikaanguka. Kaburi lipo ukingoni mwa Ngorongoro, tulisimama pale na wanafunzi wangu. Hapo hakukuwa na mlima wala wingu, ni ndege wa mbinguni tu.

Konda wa Zamani

Naona kila mtu anazungumzia angani. Mleta mada ametaja basi na meli na hakuna aliyezigusa. Nimekaa mlangoni mwa basi miaka tisa. Ndugu zangu wa Arusha, tumesahau Rhotia pale Karatu, Mei 2017? Basi dogo la shule, walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Wale watoto watatu walionusurika, ndege ndiyo iliyokuja kuwachukua KIA kuwapeleka Marekani kutibiwa.

Na ile meli anayoifikiria kutoka Mwanza, njia ni ileile ya MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996. Walikufa zaidi ya 800. Sisemi meli ya leo ni mbovu. Nasema kama ni daftari la vifo, basi lijaze lote, usiandike ndege peke yake halafu ukampandisha mama basi kwa saa zisizohesabika ukidhani umemwepusha. Mtu wa miaka 68, miguu itavimba kabla hajafika Singida.

Kijana wa Sakina

Lakini konda, ajali ya basi kuna kupona. Ndege ikianguka ndiyo basi tena.

Mhaya wa Ngaramtoni

Hapana kijana, na hapo ndipo ninapotaka kuzungumza. Mimi kwetu ni Bukoba, Kashai. Ile ndege ilikuwa na watu 43, abiria 39 na wahudumu wanne, marubani wakiwemo. Wakatoka hai 24. Zaidi ya nusu. Marubani wote wawili walifariki, Mungu awapumzishe. Na waliotangulia kuifikia ni wavuvi na mitumbwi yao. Majaliwa Jackson, kijana wa kazi ya samaki, alikwenda kupambana na mlango wa ndege kwa kasia mkononi. Mleta mada, mama anapoikumbuka ile kamba, mwambie pia waliotoka walitoka kupitia mlangoni. Ndege iliingia ziwani ikiwa inakaribia kutua, na watu waliofungua mkanda na kuufikia mlango walipata nafasi ya kuishi.

Halafu hili la kusema asubuhi inamaliza hofu. Ile ilikuwa asubuhi! Ilikuwa inakaribia saa tatu, hali ya hewa mbaya. Ziwa Victoria lina tabia zake, mvua yake mara nyingi inakuja usiku na alfajiri, si kama Meru inayojifunika mchana. Asubuhi ya Arusha na asubuhi ya Bukoba si kitu kimoja. Uwanja wetu upo ukingoni kabisa mwa ziwa, ukishuka upande huo unaona maji hadi dakika ya mwisho.

Nieleze jambo moja lililonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye ndege ya kwenda nyumbani, sitaji kampuni. Tulikuwa tunashuka, maji nayaona chini, mara mvua ikafunga dirisha kama mtu ameshusha pazia. Injini zikanguruma, tukapanda tena. Tukazunguka. Rubani akajaribu tena, akapanda tena, akatangaza tunarudi Mwanza. Watu wakapandwa na hasira. Mzee mmoja alikuwa anawahi mazishi, alilia kwa uchungu. Mama mmoja alimfokea mhudumu, yule dada, mpaka akatetemeka. Na mimi nilifoka. Nilisema kwa sauti kwamba rubani hajui kazi.

Novemba 2022 nilipoona ule mkia kwenye maji, nilimkumbuka rubani wangu yule. Nilitamani nimpate nimshike mkono.

Kwa hiyo ushauri wangu: mkatie tiketi siku tatu nne kabla ya siku mnayotaka afike. Asiwe mtu wa kuomba ndege itue hata kama hali imekataa. Dada yako naye aelezwe hivyo.

Mzee Tengeru

Mhaya, umemaliza. Nilikuwa natafuta namna ya kulisema hilo. Rubani anaporudi nyuma abiria wanamhukumu kana kwamba ameiba, na presha hiyo inamfikia, msidhani mlango wake hausikii kelele.

Niongeze ya vitendo, mleta mada. Keti na mama nyumbani umfundishe mambo mawili, kwa mikono, siyo kwa maneno. La kwanza, akishakaa ahesabu viti kutoka chake mpaka mlango wa dharura ulio karibu, mbele na nyuma, kwa kuvigusa migongo. Gizani au majini macho hayasaidii, vidole vinakumbuka. La pili, jaketi la kuokolea lipo chini ya kiti. Alivae, lakini asilijaze upepo akiwa ndani. Maji yakiingia litamnyanyua mpaka darini na hataweza kuzama kidogo apite mlangoni. Alijaze akishatoka.

Mbeba Mizigo Marangu

Na mkanda aufunge na kuufungua, mara tano sita, kabla ndege haijaondoka. Wageni wetu wengi wakiogopa wanabonyeza pembeni wakidhani ni mkanda wa gari. Ule unainuliwa juu.

Mtoto wa Kibosho

Wakuu, nimerudi. Nilidhani nitamficha mama uzi huu, nimeishia kumsomea wote, hadi pale pa kelele za kwenye ndege. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Huyo rubani aliyerudi Mwanza, abiria walimwomba radhi?" Sikuwa na jibu, Mhaya utamjibia.

Tumeamua KIA, ndege ya asubuhi hadi Mwanza, alale kwa binti wa mjomba, kesho yake aangalie hali ya ziwa ndipo aende Bukoba. Anaondoka siku tano kabla. Basi tumeliacha, na Kisongo pia, ingawa sasa naielewa zaidi kuliko mwanzo.

Jana jioni tumepanga viti vya chakula sebuleni, safu mbili, mwanya katikati. Mama akafumba macho akavigusa migongo akihesabu, moja, mbili, tatu, nne, mpaka mlango wa jikoni. Alirudia mara tatu. Ya tatu alikuwa anatembea haraka.

Anauliza swali moja la mwisho, nimeshindwa: akikaa dirishani, Meru atauona upande gani?

Mzee Tengeru

Kulia. Mwambie safari njema kutoka kwangu.