Goma: kuweka mfumo mpya kwenye mashine 5 za shule bila kupoteza data ya minerval (ada za shule)

furaha_himbi

Bakubwa, habari zenu. Tuko na mashine 5 kwenye shule ya sekondari hapa Goma, zote Windows 10. Tatu ni za mezani: Core i5-4590, RAM giga 8, diski ya giga 500 iliyogawanywa C na D. Mbili ni laptopu za Core i5-10210U zenye SSD ya giga 256. Mashine ya komptable (mhasibu), ambayo ni ya mezani, ndiyo inabeba data ya minerval: programu ya PHP ndani ya XAMPP (kifurushi kinachoendesha PHP na hifadhidata ya MySQL), na wengine wanaifikia kwa waya wa mtandao. Laptopu zina buletini (ripoti za alama za wanafunzi) za Excel zenye makro nyingi. Kwa jumla ni kama giga 180, karibu zote ziko kwenye D. Tuna diski ya nje ya tera 1 na flashi mbili.

Prefe (mkuu wa shule) anataka tubadilishe mfumo kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14/10/2025. Mega za intaneti tunanunua, na umeme unakatika bila kuaga. Nauliza: nikifuta C peke yake, D si itabaki? Kwa minerval, kukopi folda nzima ya xampp kunatosha? Na je, mashine zote zitakubali Windows 11?

katindo_tech

Dada Furaha, nianze na D. Ndiyo, ukifuta C peke yake D inabaki. Lakini C na D ni vipande vya diski moja: diski ikifa vinakufa pamoja, na kwenye skrini ya kuweka Windows herufi C na D hazionekani, unaona tu "Disque 0 Partition 1, 2, 3" na ukubwa wake. Watu wengi wanafuta kisicho chake hapo. Kwa hiyo usihesabu D kama kopi. Andika kwenye karatasi ukubwa wa kila sehemu kabla ya kuanza, na diski ya nje iwe imechomolewa kabisa wakati wa kuweka mfumo.

Kukopi usitumie kukokota kwa mausi. Ikikwama katikati hutajua ni faili gani zimebaki nyuma. Fungua cmd (dirisha la amri) kama msimamizi uandike amri hii, E ikiwa ni diski ya nje:

`robocopy D:\ E:\Kopi\Mashine1 /E /XJ /XD "System Volume Information" "$RECYCLE.BIN" /R:1 /W:2 /LOG:E:\mashine1.txt`

/R:1 na /W:2 ni lazima. Bila hizo robocopy inarudia faili moja iliyoharibika mara milioni 1, ikingoja sekunde 30 kila mara, nawe utadhani mashine imeganda. Mwishoni fungua ile faili ya log uangalie safu ya ÉCHEC: ikiwa si 0, tafuta juu yake ni faili gani zimekataa. Usiweke /MIR bila kuielewa, maana inafuta kule kwenye kopi kila kitu ambacho hakipo tena kwenye chanzo. Faili zikipotea Jumatatu, /MIR ya Jumanne inazipoteza na kwenye kopi. Usisahau pia Desktop na Documents za kila mtumiaji, hizo ziko C.

Chomeka diski kwenye tundu la USB 3, mara nyingi ni lile la buluu. Kwa USB 2 utapata kama megabaiti 30 kwa sekunde, yaani giga 180 ni karibu saa 1 na dakika 40, na faili ndogondogo zikiwa nyingi inazidi hapo. Ondilere (betri ya akiba) ndogo ya mezani haitavuka muda huo. Umeme ukikatika, rudia amri ileile: itaruka zilizokwisha pita.

mwamini_bkv

Kwa minerval, hapana, folda ya xampp pekee haitoshi ikiwa imekopiwa huku MySQL inafanya kazi. Majedwali ya InnoDB (namna MySQL inavyohifadhi data) yanategemea ibdata1 na faili za log. Ukizikopi zinapoandikwa unapata vipande visivyolingana, na XAMPP mpya inakataa kuwaka. Toa dump, yaani faili moja ya maandishi yenye data yote:

`C:\xampp\mysql\bin\mysqldump -u root --single-transaction --routines --databases minerval --result-file=D:\minerval.sql`

Badilisha "minerval" kwa jina halisi la data yenu. Ninaweka --result-file badala ya alama ya `>` kwa makusudi: ukiwa ndani ya PowerShell ya Windows 10, `>` inaandika faili kwa UTF-16, na siku ya kuirudisha mysql itaikataa. Kisha fungua faili hiyo uangalie mstari wa mwisho. Lazima isomeke "Dump completed on" na tarehe. Kama mstari huo haupo, dump ilikatika njiani, hata kama faili inaonekana kubwa. Ikopi pamoja na htdocs, ndiko programu yenyewe iko.

Halafu, kabla hujagusa mashine ya komptable, weka XAMPP kwenye laptopu moja, ingiza dump, fungua programu na ulinganishe jumla ya malipo ya mwezi uliopita na daftari la komptable. Namba zikikataa, simama hapo. Usifute chochote.

fiston_lshi

Kuhusu Windows 11: laptopu zitakubali, i5-10210U ni kizazi cha 10 na kikomo cha chini kwa Intel ni cha 8, ila hakikisha TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka) vimewashwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka. Zile tatu za mezani ni kizazi cha 4. Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kuweka mfumo) inaweza kuondoa ukaguzi ili Windows 11 iingie, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo, na kwa ofisi inayoshika pesa za wazazi mimi sishauri. Ziwekee Linux Mint, mfumo wa bure usio wa Microsoft: inaomba RAM giga 2 na kushauri 4, ninyi mko na 8. Kwa kuwa makro za Excel ziko kwenye laptopu, hazitasumbuliwa.

Pakua ISO (faili ya kuweka mfumo) mara moja tu, uitumie kwa zote. Mega ni ghali, na faili iliyokatika inaleta makosa ya ajabu katikati ya kazi, kwa hiyo ihakiki: `certutil -hashfile mint.iso SHA256`, linganisha na namba iliyo kwenye tovuti ya Mint. Flashi iwe ya giga 8 au zaidi, na uijaribu kwanza kwa H2testw (programu ya kupima flashi), kwa sababu kuna flashi zinazojidai giga 64 na ndani ni 8. Washa Mint kutoka kwenye flashi bila kuiweka, kisha jaribu printa. Canon LBP2900, kwa mfano, inasumbua sana kwenye Linux. Ni bora ujue kabla ya kufuta Windows.

Kwa laptopu, andika kwanza `manage-bde -status`. Kama BitLocker (kufuli la Windows la kufunga diski) imewashwa, hifadhi ufunguo wake wa tarakimu 48, maana kugusa BIOS kunaweza kuufanya uombwe. Leseni ya Windows imefungwa kwenye ubao wa mashine: chagua "Je n'ai pas de clé de produit", itajiamilisha ikipata intaneti.

Umeme ukikatika faili zinapokopiwa kwenye C tupu, utaanza upya tu. Ukikatika unapopunguza au kusogeza sehemu ya diski, D inaweza kwenda nayo. Kwa hiyo usisogeze sehemu zilizo na data. Na BIOS usiisasishe siku umeme unayumba.

furaha_himbi

Aksanti sana bakubwa. Mashine ya komptable ikipata Mint, minerval itaendelea kufanya kazi? Na hiyo diski ya tera 1, nikiiweka kwenye kabati la prefe inatosha?

mwamini_bkv

Itafanya kazi, ila kuna mitego miwili. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya majedwali, Linux inatofautisha. Programu ikiita "Eleves" na jedwali ni "eleves", utaambiwa jedwali halipo. Weka `lower_case_table_names=1` chini ya [mysqld] kwenye usanidi wa MariaDB (hifadhidata ya aina ya MySQL), uiwashe upya, ndipo uingize dump. Pili, XAMPP inaruhusu root bila neno la siri. MariaDB ya Mint haikubali programu iingie hivyo. Tengeneza mtumiaji wa minerval peke yake na ubadilishe faili ya muunganisho ndani ya htdocs.

katindo_tech

Kabati la prefe liko kwenye jengo lilelile, dada. Mwizi mmoja au moto mmoja unachukua vyote. Na hapa Goma, Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Kopi ya mtaa wa pili isingesaidia. Nunua diski ya pili, ikae nje ya mji, mzibadilishane kila mwisho wa mwezi. Ina majina ya watoto na pesa za wazazi, kwa hiyo ifunge kwa VeraCrypt (programu ya kufunga diski kwa neno la siri), neno la siri lijulikane na watu wawili.

Dump ya kila siku ni maandishi matupu, 7-Zip inaibana sana. Ibane kwa neno la siri, tia alama kwenye "Chiffrer les noms de fichiers", kisha itume kwenye Drive: mega zitakazokwenda ni chache. Kwenye Mint weka skripti ya kutoa dump ndani ya /etc/cron.daily (folda ya kazi za kila siku) na uhakikishe anacron (inayofanya kazi zilizopitwa) ipo, ili mashine ikiwa imezimika saa ya kazi, ifanye ikiwaka. Jina la faili lisiwe na nukta: andika `kopi-minerval`. Ukiandika `kopi-minerval.sh` inarukwa bila ujumbe wowote. Kisha `chmod +x` ili iruhusiwe kufanya kazi, na kesho yake angalia tarehe ya faili mpya.