Anglia 105E kuligeuza hotirodi: nianze na injini au bati?

KijanaWaTudor
Salaam aleikum wakuu. Nimenunua Ford Anglia 105E, lile la kioo cha nyuma kilicholalia ndani. Lilikuwa uani kwa watu Ganjoni, hapa Mombasa, kuku wanatagia kwenye kiti. Injini ni yake ya asili, cc 997, yazunguka lakini yatoa moshi. Nataka liwe hotirodi la kizamani: pua chini, rimu pana, nguvu ya kutosha. Kuna mtu ameniahidi injini ya Toyota 5K. Nianze nayo, au bati? Na kazi hii huisha baada ya muda gani?

MzeeWaKuze
Waleikum salaam mwanangu. La mwisho nikujibu kwanza: haiishi. Langu lilianza na 997, likavaa ya Ford Cortina 1500, ambayo ni ya ukoo uleule na haikuniletea vita, sasa lina 5K. Viti, springi, waya, karbureta, vyote vimetoka na kurudi. Mama watoto huliita mke mwenza.

Bati ndilo la mwanzo. Fungua boneti utazame pale juu shokamzoba za mbele zinaposhika, uzito wote wa mbele wakaa hapo. Gongagonga kwa nyundo ndogo. Bati zima lalia kwa ukali. Lililooza lalia bubu, na ukisukuma bisibisi yaingia. Wauzaji wajanja hupaka pati na rangi juu yake. Kagua na vizingiti vya milango, na sakafu chini ya zulia. Hii hewa yetu ya chumvi haingoji mvua. Palipooza pakatwe hadi bati safi, usikubali kiraka juu ya kutu.

Kisha breki. Hilo lina ngoma magurudumu yote manne, zilizopigiwa hesabu ya nguvu za farasi 39. Mimi nilitia miguu ya mbele ya Cortina (shokamzoba pamoja na ekseli fupi ya gurudumu) yenye breki za diski.

Injini mwisho. 5K spea zake hukosi, ila handaki la gia litapanuliwa na propela, ile shafti ndefu ipelekayo nguvu nyuma, ikatwe kwa fundi wa kukereza, isawazishwe.

Na usilifungue lote kwa pamoja! Tengeneza kipande, endesha, shika kingine. Yaliyofunguliwa yote nayajua yaliko: kwenye makatoni.

DadaSpana
Mzee kamaliza, naongeza makaratasi. Ukibadilisha injini au rangi, peleka NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, logbuku irekebishwe, la sivyo nambari hazilingani na bima ikupige chenga siku ya ajali. Halafu usije ukang'oa madigadi kwa kuiga picha. Wale vijana wa California waliyang'oa kwenye Ford V8 za 1932 wapunguze uzito, wakikimbizana kwenye maziwa yaliyokauka. Wewe utapita Makupa mwezi wa Mei, na matope ya masika.

KijanaWaTudor
Hahaa, madigadi yabaki. Nimegonga leo: upande wa dereva walia vizuri, wa abiria bisibisi imeingia hadi mpini. Mzee, nitafute bati la unene gani?

MzeeWaKuze
Sakafu milimita 1 yatosha. Pale juu shokamzoba zinaposhika tia 2, na uchomelee pande zote mbili hata kama mmoja ni mzima, usije ukawa na gari la kuvuta upande. Betri itoke, na tangi la mafuta pia, kabla fundi hajawasha moto wa kuchomelea.