Mdogo wangu kachoka kuombewa kila Jumapili, niwaambieje wazee wa kanisa?

Bwana asifiwe wapendwa. Mdogo wangu ana miaka 19, anatembelea wilichea tangu ajali ya bodaboda. Kanisani kwetu kuna ngazi tano mlangoni, hivyo vijana wanne wanambeba, na anaona aibu maana watu wote wanageuka kuangalia. Halafu kila akija mhubiri mgeni, anaitwa mbele aombewe asimame, asiposimama wanasema imani haba. Jumapili iliyopita kagoma kwenda. Nikiongea naonekana napinga maombi, nifanyeje?

Mama_Neema:
Pole dada. Ila kuombewa kuna ubaya gani jamani? Yule aliyepooza wa Marko 2 si alibebwa na wanne hivyo hivyo, hadi wakatoboa dari.

Fundi wa Moro:
@Mama_Neema wale walitoboa dari ya watu, sisi hata kumwaga zege mlangoni tunaona gharama 😅 Na yule kipofu Bartimayo, Yesu alimuuliza kwanza anataka afanyiwe nini, hakumvuta tu mbele. Sasa mahesabu: rampu (njia ya mteremko ya wilichea) inatakiwa kila sentimita 1 ya kwenda juu uwe na 12 za urefu. Ngazi tano za sm 15 ni sm 75, so unahitaji mita 9. Wengi wanaweka mita mbili tatu hivi wanasema tumemaliza, mtu akishuka peke yake anajikuta barabarani. Kagueni kwanza milango ya pembeni, mara nyingi kuna mmoja uko chini.

kaka_wa_alama:
Mimi ni kiziwi, niongezee la kwetu. Walitutafutia mkalimani, tulifurahi kweli, ila wakamsimamisha nyuma ya nguzo kwenye giza, mikono haionekani. Na mchungaji akisema tufumbe macho tuombe, mimi nikifumba nitajuaje amina imefika? Siku moja nilifumbua watu washakaa zamani, nimebaki nimesimama peke yangu kama mlingoti 😂 Siku hizi jirani ananigusa bega.

Mzee wa Usharika:
Binti, mimi ni mzee wa kanisa, usituogope. Usilete kama lawama mbele ya ibada, njoo na huyo kijana mwenyewe kwenye kikao, aseme yeye, maana tukiambiwa na ndugu tunaishia kumchangia hela ya soda tukidhani tumemaliza. Mhubiri mgeni aambiwe kabla hajapanda madhabahuni, hilo ni la mchungaji.

Aliyeuliza:
Asanteni sana. Tumeenda leo wote wawili. Mlango wa vestri (kile chumba cha mchungaji cha kuvalia) una kizingiti kimoja tu, fundi anakuja Jumamosi. Ya maombi mchungaji kasema ataongea na wageni. Ila dogo kaomba zamu ya kupiga kinanda kwenye kwaya, alikuwa anapiga kabla ya ajali, wote wakakaa kimya, maana kinanda kiko juu jukwaani na huko nako kuna ngazi tatu. Fundi, hiyo ni mita ngapi tena?