Kidhibiti kasi kipi kinafaa kwa visukumio vya chombo cha majini cha kujitengenezea?

mlezi_wa_klabu (Nkuhungu)

Mbukwenyi ndugu zangu. Ninalea klabu ya sayansi ya vijana wa sekondari hapa Dodoma, na tunaunda chombo kidogo chenye kamera ambacho kitazama katika lambo la kijiji kuangalia mlango wa bomba. Kila baada ya mvua bomba hilo huziba kwa tope na majani, na siko tayari kumwona kijana akipiga mbizi katika maji ambayo huwezi kuona hata kiganja chako mwenyewe.

Chombo kina mota nne zisizo na brashi na betri ya lithiamu ya seli tatu. Tulianza na vidhibiti kasi, yaani ESC, vya ndege za kuchezea vilivyoandikwa ampea 30, tukavifunga ndani ya bomba la akriliki lisilopitisha maji. Katika jaribio la kwanza, kisukumio kimoja kilisimama baada ya dakika sita hivi. Tulipofungua, harufu ya kuungua ilitupokea, plastiki ya njano ilikuwa imekunjamana, na transista moja ilikuwa na ufa unaoingia ukucha. Kipimo chetu kilikuwa kimeonyesha ampea 14 tu. Sasa ninalinganisha njia tatu: kununua tena vya ndege vyenye ampea nyingi zaidi, kuchukua vya magari ya kuchezea ambavyo tayari vina mwendo wa kurudi nyuma, au kujikusanya tuagize vilivyotengenezwa kwa kazi ya majini.

fundi_wa_majengo

Pole, mwalimu. Kabla hujaongeza ampea, fikiria joto lilikuwa linakwenda wapi. Kidhibiti cha ndege kinapoandikwa ampea 30, mtengenezaji anahesabu kwamba upepo wa propela unakipitia muda wote. Ndani ya bomba lako hakuna upepo, na akriliki haipitishi joto vizuri, hivyo kifaa kilikuwa kinajipika chenyewe huku maji ya baridi yakiwa milimita chache tu pembeni yake. Ukinunua cha ampea 40 na kukifunga vilevile, utaongeza dakika chache tu za uhai.

Badilisha kifuniko kimoja cha bomba kiwe cha alumini nene, kisha ubandike vidhibiti upande wa ndani kwa pedi ya kupitisha joto, ule uso wenye transista ukiielekea alumini. Hata hivyo, mimi binafsi huchukua nusu ya kilichoandikwa na kukiona ndicho kiwango cha kufanyia kazi.

binti_wa_ipagala

Mwalimu, shikamoo. Niliwahi kutumia vya magari, na ninaomba usirudie njia yangu bila kukagua mipangilio yake. Vingi vimewekwa kwa utaratibu wa mbele, breki, kisha nyuma: ukivuta kijiti kutoka mbele kwenda nyuma kinafunga breki kwanza, na ni lazima urudi katikati ndipo kikubali kurudi nyuma. Kwa gari, hilo ni jambo jema, lakini chombo cha majini hushika kina chake kwa kubadili mwelekeo wa msukumo mara kwa mara, na changu kilikuwa kinazama taratibu wakati kidhibiti kikisubiri amri ya pili. Vipo vinavyoruhusu kuondoa breki na kwenda mbele na nyuma moja kwa moja. Kama maelezo yake hayasemi hivyo waziwazi, kiache dukani.

mtulivu_wa_hombolo

Hapo dada amegusa kiini. Kigezo cha kwanza kwangu ni namna kifaa kinavyorudi nyuma, cha pili ni njia ya joto, na ampea zinafuata baadaye. Cha ndege si lazima kitupwe, kwa sababu vile vinavyotumia programu ya BLHeli_S au AM32 hupangwa kwa kompyuta viende pande zote mbili. Ukishafanya hivyo, ishara yenye mpigo wa maikrosekunde 1500 huwa ni kusimama, juu yake mbele na chini yake nyuma. Vile visivyofunguka kupangwa ndivyo vya kuepuka.

Basic ESC ya Blue Robotics, kampuni ya vifaa vya majini, ambayo hutumika sana kwa kazi hii, inapokea volti 7 hadi 26, imeandikwa ampea 30, na inaelewa ishara kuanzia 1100 hadi 1900 ikiwa imekwisha kupangwa. Ukiiwasha, ipe 1500 kwa sekunde chache kwanza. Isipopata ishara hiyo haitaitikia, na wengi hudhani imekufa. Ni ghali ukijumlisha usafiri, na nayo pia huungua ikinyimwa baridi.

Jambo jingine, mwalimu: punguzeni mwendo. Nguvu ambayo propela inadai hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi yake, kwa hiyo ukienda nusu ya kasi unatumia takribani sehemu moja ya nane ya nguvu. Kwa kutazama mlango wa bomba hamna haja ya kukimbia. Wekeni ukomo wa 1400 hadi 1600 katika programu, na mageuzi ya mwelekeo yaende polepole, kwa kuwa kugeuza ghafla ndiko kunakovuta mkondo mkubwa kuliko wote. Fyuzi iwe moja kwa kila mota. Jani au mzizi ukiinasa propela, mota iliyosimama huua kidhibiti kwa sekunde chache.

fundi_wa_majengo

Naongezea kuhusu nyaya. Ule wa kutoka betri hadi kidhibiti uwe mfupi, kwa sababu ukirefuka huleta miruko ya volti inayoua kapasita. Kama ni lazima kurefusha, refusha zile tatu za kwenda kwenye mota.

mlezi_wa_klabu (Nkuhungu)

Ninawashukuru sana. Je, nikivimwagia vidhibiti epoksi (gundi inayoganda ngumu) na kuviweka nje ya bomba, majini kabisa?

mtulivu_wa_hombolo

Maji yatavipoza vizuri, lakini kikiharibika hukifungui tena. Isitoshe, maji ya huku Hombolo yana chumvi, na yakipata upenyo mdogo kando ya waya yatakula shaba hadi ndani. Kwa vijana wanaojifunza ningependa kitu kinachofunguka.

mlezi_wa_klabu (Nkuhungu)

Ninarudi na taarifa baada ya wiki mbili. Tumebaki na vya ndege, vijana wamevipanga upya kwa AM32, na fundi wa kuchomelea ametukatia kifuniko cha alumini cha milimita 8. Jana tuliendesha visukumio vyote vinne ndani ya pipa la lita 200 kwa dakika 40 kwa ukomo wa 1600, na nilipoweka kiganja juu ya alumini ilikuwa vuguvugu tu. Kimoja bado kinatetemeka kinapoanza kwenda nyuma, na hicho tutakifungua Jumamosi.