Mdororo umepita, huu ndio wakati wa kuanzisha kampuni ya teknolojia. Anayebisha aje

Mchumi Kijana

Wakuu, naleta mada. Mtakaonipiga mawe, nipigeni kwa hoja.

Benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022, kutoka karibu sifuri hadi juu ya asilimia 5 katikati ya 2023. Wenye fedha wakaona heri wazilaze kwenye hati fungani za kwao kuliko kuzileta Nairobi kubahatisha. Matokeo mnayajua. Kune, ya kuuza chakula kilichopikwa, ilifunga Juni 2022. Sendy, ya kusafirisha mizigo, ikafuata 2023. Copia, ya kuagiza bidhaa kupitia mawakala wa vijijini, iliyokuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100, iliwekwa mikononi mwa msimamizi wa ufilisi Mei 2024. Shilingi ya Kenya nayo ilishuka hadi 160 hivi kwa dola Januari 2024, ndipo ikarudi karibu na 130.

Mimi nasema ndiyo kwanza kumekucha. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Haijamaliza hata mwaka nchi ikawaka moto, kisha 2008 uchumi wa dunia ukaporomoka, na bado ikapaa. Ushahidi, ile ramani ya mtandaoni ya kuripoti vurugu, ilizaliwa Januari 2008 watu wakiwa bado wanakimbizana na mapanga. WhatsApp ni ya 2009. Leo waandishi wa programu waliopunguzwa kazi wamejaa mtaani, na waliokuja kwa kufuata mkumbo wameshaondoka. Anayejua anachofanya hana wa kumsumbua. Tuache kulialia. Hata yule Mfaransa aliyeanzisha Kune angalau alijaribu.

Githeri Tele

Nilikuwa nasoma vizuri hadi nikafika kwa Mfaransa. Ati angalau alijaribu! Jamaa ameshuka ndege, hata wiki hajamaliza, anauliza wapi atapata chakula kizuri cha bei nafuu, anaambiwa haiwezekani. Hiyo ikawa ndiyo hadithi ya kuombea pesa, na akapewa dola milioni moja. Sijui aliuliza nani, labda askari wa getini hotelini. Angeingia soko la Gikomba saa saba mchana angemkuta mama na sufuria zake zimepangwa: ndengu, madondo, matumbo, sukuma, chapati zimefunikwa kwa kitambaa, na foleni ya mafundi wenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Mfaransa mwenyewe alikuja kukiri kwamba kwa dola 3 sahani moja hesabu haikubali. Mama yule kwa pesa hiyo anakulisha wewe na shemeji yako na chenji inarudi.

Mwenye kibanda gani ameshapewa hata laki moja ya "kujaribu"? Nitajie mmoja.

Msomi wa Buguruni

Mkuu, mimi sitetei wazungu, ila kwa hili mnamwonea. Nimefanya kazi Nairobi, najua ninachokisema. Chakula kipo, lakini jamaa aliuliza chakula KIZURI. Mtu anatia karoti kwenye pilau halafu anakupa kwa kujiamini kabisa.

Githeri Tele

Nilijua tu. Mtanzania akiona neno chakula anafufuka. Hapa tunaongea teknolojia, bwana. Nyinyi ambao LATRA, mamlaka yenu ya usafiri wa ardhini, ilipanga nauli na kamisheni mpaka Uber ikafunga virago Aprili 2022, ndio mtatufundisha?

Msomi wa Buguruni

Ilirudi Januari 2023, usiishie katikati. Ilisimama kwa sababu serikali yetu ilisema kampuni isikate zaidi ya asilimia 15 ya nauli ya dereva, ikaja kulegeza hadi 25. Kwenu dereva anakatwa, anaandamana, anamwagiwa maji ya kuwasha, kesho anawasha gari. Huo ndio ubunifu?

Na kama ni kushindana, sisi tulikuwa tunatumiana pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine tangu 2014, Tigo kwenda Airtel, tena pesa inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mtu. Nyinyi mpaka 2018 mtu wa Airtel akitumiwa pesa na mtu wa Safaricom anapata meseji ya kwenda kuchukulia kwa wakala.

Kamau wa Juu

2014 mlikuwa mnatumiana nini, salamu? Vitu vyote mnavyotumia vilitoka hapa. M-Pesa iliundwa na mwanafunzi Mkenya, chuo kikajua, serikali ikajua, kampuni ikamwibia. Hilo kila mtu analijua.

Fundi Mitambo

Kila mtu "analijua" na hakuna anayejua jina la huyo mwanafunzi wala chuo chake. Kila mwaka anabadilisha kozi.

M-Pesa ilikuwa mradi wa Vodafone, wakiongoza Nick Hughes na Susie Lonie, na sehemu ya fedha ikatoka shirika la misaada la serikali ya Uingereza, DFID. Walianza majaribio Oktoba 2005 pamoja na Faulu, taasisi ya mikopo midogo. Shabaha ilikuwa wakopaji walipe mikopo yao midogo kwa simu. Walipoangalia wanachofanya watu, wakakuta wanatumiana pesa wao kwa wao na hata kulipana biashara ndogo. Mpango wa mikopo ukawekwa pembeni, na 2007 ikatangazwa kwa maneno ya kumtumia mtu wako pesa nyumbani. Kabla ya hapo pesa za mashambani zilikuwa zinakwenda kwa bahasha, mkononi mwa makanga.

Mchumi, hapo ndipo mfano wako unapopinda. M-Pesa haikuponea kwenye mdororo kwa ujasiri. Ilikuta kazi watu wanaifanya kwa shida, ikaifanya kwa bei ndogo. Tena nyuma yake kulikuwa na Safaricom, kampuni yenye faida na wauzaji wa vocha nchi nzima. Vijana wawili wenye kompyuta mpakato hawakuwa na habari nayo.

Kamau wa Juu

Kwa hiyo ni mzungu tena. Kila kitu ni mzungu. Asante profesa.

Fundi Mitambo

Maprogramu ya kwanza yaliandikwa na kampuni ya Uingereza. Mawakala waliosimama kwenye vibanda kuwafundisha mama zetu kubonyeza simu walikuwa Wakenya. Chagua mwenyewe kazi ipi ilikuwa ngumu zaidi.

Mama Wakala

Habari zenu. Mimi huwa nasoma tu, lakini leo acha niseme.

Niko Murang'a, nina duka. Kuna kampuni moja, sitaitaja, ilinifanya wakala. Mteja anakuja, namfungulia kitabu cha picha, anachagua godoro au mabati au unga, naagiza kwa simu, analipa kwangu, baada ya siku mbili tatu lori linaleta. Mimi napata kamisheni. Sikatai, ilikuwa kazi nzuri. Bibi ambaye hajawahi kufika supamaketi aliletewa godoro hadi mlangoni kwa duka langu.

Halafu lori likaanza kuchelewa. Afisa wetu akawa hashiki simu. Siku moja tukasikia kwa redio kampuni ina msimamizi. Wateja hawamjui huyo msimamizi, wanamjua mimi. Kuna baba alikuwa amelipia tangi la maji. Alikaa kwa kiti changu nje ya duka asubuhi hadi jioni, hasemi neno, watu wanapita wanamsalimia. Nilimlipa kutoka kwa pesa ya stoki.

Kwa hivyo mkisema huu ndio wakati wa kujaribu, mimi nauliza kitu kimoja tu: mnajaribu na pesa ya nani?

Mchumi Kijana

Jamani naona uzi umetekwa. Turudi. Kwanza Msomi, hiyo ya karoti ni pilau ya bara, ukifika Mombasa huwezi kuikuta. Pili Fundi, hata kama M-Pesa ilikuwa na kampuni kubwa nyuma yake, Ushahidi haikuwa nayo. Ilikuwa watu wachache, kina Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, wakaunganisha meseji za simu na ramani kwa siku chache. Hapo pesa ilikuwa wapi?

bintiTanga

Mchumi kaka, mama wa watu ameandika aya tatu juu ya pesa yake, wewe umejibu karoti. Halafu kesho utasimama kwenye kongamano uwaambie vijana "wathubutu".

Mchumi Kijana

Dada, sijampuuza. Nilikuwa nafuata mpangilio wa hoja.

bintiTanga

Mpangilio gani unaoanza na pilau?

Githeri Tele

😂😂 Huyu dada apewe kiti.

Mchumi Kijana

Haya. Mama, pole sana, kwa dhati. Lakini hilo ni tatizo la sheria ya ufilisi, siyo la teknolojia. Hata saccos zimeanguka na pesa za watu, na hakuna anayesema tuache kuweka akiba.

Fundi Mitambo

Hapana, usimtupie sheria. Kampuni ikiwa na dola milioni 100 za wawekezaji halafu pesa ya mteja inapitia kwa duka la mama, wewe kama mwanzilishi ndiye uliyechagua njia hiyo, kwa sababu mama anaaminika na wewe huaminiki. Wawekezaji walijua ni bahati nasibu, wameweka kwingine kumi. Mama hana kumi.

Mtu wa Stejini

Nimefika kuchelewa, nilikuwa kazini. Mimi naendesha pikipiki ya umeme Nairobi. Mnabishana mambo ya zamani na dawa iko barabarani. Pikipiki nanunua, betri si yangu. Ikiisha naingia kituoni, natoa hii nzito, kijana ananipa iliyojaa, hata kofia sijavua niko njiani. Petroli ilipopanda wenzangu walilia, mimi nikakaa kimya nisionekane najigamba. Kampuni zimeingia wakati huu huu wa mdororo mnaosema. Kigali walitutangulia, Ampersand wana miaka nayo. Mimi niko upande wa mleta mada.

Mchumi Kijana

SASA HUYU NDIYE MTU NILIYEKUWA NAMSUBIRI.

Fundi Mitambo

Ndugu, swali. Kampuni yako ikifunga kesho, hiyo pikipiki utaiwashia nini? Betri ya kampuni nyingine inaingia?

Mtu wa Stejini

Haiingii. Kila mmoja ana shimo lake.

Fundi Mitambo

Basi.

Mtu wa Stejini

Basi nini? Ya petroli nayo niliichukua kwa mkopo wa kila siku, nikiumwa siku mbili inachukuliwa. Kuna siku nimewahi kulala bila kula kwa sababu ya petroli. Wewe unayeandika umekaa unanitisha na kampuni ambayo haijafunga. Ikifunga nitajua la kufanya. Watu wa steji hatujawahi kuwa na kitu ambacho hakiwezi kufunga.

Kamau wa Juu

Mwambie huyo profesa.

Msomi wa Buguruni

Hapo kwa kweli hata mimi nimekosa la kusema. Ila serikali zetu zingelazimisha betri ziwe za umbo moja, kama mitandao ilivyokuja kuunganishwa kwenye pesa. Vodacom nao walijivuta, wakaingia 2016. Hakuna aliyekufa.

Githeri Tele

Ukisema serikali ilazimishe, yako italazimisha mpaka watengenezaji wahamie Kigali. Mlianza na tozo za miamala Julai 2021, watu wakarudi kubeba pesa mfukoni, ndipo mkapunguza.

Msomi wa Buguruni

Tulipiga kelele, wakapunguza. Nyinyi mlipopiga kelele Juni 2024 mlipigwa risasi. Tusifike huko.

Githeri Tele

Hiyo umevuka, ndugu. Hiyo si ya utani.

Msomi wa Buguruni

Kweli. Naomba radhi kwa hilo.

bintiTanga

Mama Wakala, kama bado upo: ile kampuni ilikurudishia chochote?

Mama Wakala

Nipo. Msimamizi alituma fomu ya wanaodai, nikajaza, nikaambatisha meseji zote za malipo. Niko kwa orodha, nyuma ya benki. Sasa kuna vijana wengine wamekuja na aplikesheni ya kuagiza stoki, wako wapole, wana fulana mpya. Nimewaambia waje, lakini mteja atalipa akishaona bidhaa. Wamesema wataenda kuuliza ofisini.

Mchumi Kijana

Unaona mama, hata wewe umekubali wajaribu!

bintiTanga

Kaka, amewaambia walete mzigo kwanza. Soma.

Msomi wa Buguruni

Mtu wa Stejini, nina mdogo wangu Dar anataka hizo za umeme. Ikinyesha maji yakajaa barabarani inapita?

Mtu wa Stejini

Inapita, lakini usizidishe. Maji yakifika kwenye ekseli, shuka usukume. Na asichukue kwa mkopo kabla hajahesabu vituo vya betri njia anayofanyia kazi.