Naomba ushauri: Kigiriama na Kiswahili ni ndugu wa karibu kiasi gani?

Wakuu, shikamooni. Nafundisha Kiswahili huku Malindi, nyumbani tunasema Kigiriama. Naandaa somo la asili ya lugha, nimekwama.

Mwanaisimu Guthrie, aliyezipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba, aliweka Kiswahili na Kikomoro kundi la G40, Kimijikenda (ambamo Kigiriama chetu kimo) na Kipokomo akavipeleka E70. Wanaisimu Nurse na Hinnebusch, 1993, wakavirudisha vyote nyumba moja, tawi la Kibantu liitwalo Kisabaki, pamoja na Kiilwana cha Mto Tana. Sikio langu liko na hawa wawili: "watu" kwetu ni "atu", "mji" ni "mudzi". (Bibi yangu angecheka kuambiwa tuko makundi mbalimbali!)

Sasa, kwa wanafunzi wa kidato cha tatu, nianze na herufi za Guthrie au niende moja kwa moja kwenye Kisabaki? Aliyewahi kulifundisha hili alifanyaje?